Mwaka Tulioiombea Mashine Uzima

Nilifika Kindu kumlilia Papa Muhindo nikiwa nimechelewa, vumbi la barabara ya Lubutu limenijaa hadi kwenye kope, na kabla sijamwona mjane nikaisikia ile sauti. Magari yanavuma, yanakata kona, yanagongana, kisha kamuziki kafupi ka ushindi kanaanza upya. Ilitoka kwenye chumba cha mbele, kando ya duka. Nilisimama palepale barabarani. Mwenye pikipiki alinishika mkono akidhani ni uchovu wa safari, nami nikamwacha adhani hivyo, maana ningemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima, mwenye wakwe zake, anaogopa mchezo wa watoto? Ndani ya chumba watoto wa mtaa walikuwa wamebanana kwenye benchi, na mbele yao, juu ya meza, ilikuwepo mashine ileile. Rangi yake ya kijivu imegeuka kahawia kama ya samaki wa kukaushwa, kona moja imeyeyuka, kifuniko kimefungwa kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tairi la baiskeli. Televisheni tu ndiyo ilikuwa mpya.

Siku zote za matanga watu waliizungumzia. Fundi cherehani wa jirani, mtu mwema asiyejua kunyamaza, alimwambia kila mgeni aliyekaa karibu naye: "Vitu ya zamani ilikuwa ngumu. Hizi za leo zinakufa mbele ya kutoka ku karton. Lakini hii? Vita imepita juu yake, na angalia, iko inacheza." Wageni walitikisa vichwa. Wengine waliingia kuitazama, wakaigusa, wakatoka wakisema Papa Muhindo amekwenda lakini kazi ya mikono yake ipo. Ilisemwa kwa upendo, na ni kweli mashine ile, Papa Muhindo alipoifufua vita vilipokwisha, ilisomesha watoto wa nyumba hiyo. Mama Masika, mjane wake, alikuwa akimimina chai. Kila sifa hiyo ilipoanza aligeuza uso kama mtu aliyepigwa na moshi. Mimi nilitazama kikombe changu. Wengine wote waliokuwepo mwaka ule wameshakufa au wamehama, kwa hiyo tumebaki yeye na mimi tunaojua kwa nini hatupendi ugumu wa mashine ile usifiwe mbele yetu.

Jinsi nilivyofika kuishi kwao si habari ya hapa. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshamaliza shule kwa jinsi vita vilivyoamua niimalize, na kwa Mama Masika nilipika, nilifua na nilisimamia chumba cha mchezo. Wao walikuwa wafanyabiashara kutoka Butembo, watu wa kanisa. Mimi ni Mwislamu wa hapa hapa Maniema. Waliniita Zaina mama, kama wanavyomwita binti wa nyumbani. Mwaka ule waliokuwa na bunduki mjini walishika mji, na waliokuwa na bunduki porini walishika kila kitu kingine. Barabara ya Lubutu ilifungwa, treni ikanyamaza, na aliyevuka mto kwenda shambani kwake huenda asirudi. Duka likaisha polepole mbele ya macho yetu: chumvi kwanza, halafu sabuni, halafu viberiti. Siku moja nilipangusa vumbi kwenye rafu nikagundua kwamba napangusa mbao tupu. Mchezo tu ndio uliobaki, kwa sababu ni bidhaa ambayo mtu akishainunua bado ipo. Mashine tuliiunganisha na betri ya gari na televisheni ndogo isiyo na rangi, na watoto walileta walichokuwa nacho ili wacheze: fungu la sombe, yaani kisamvu, mawese kwenye kopo la maziwa, kuni. Tulikula kutoka kwenye mashine ile, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Kitu kilichotuponza ni uchaga. Jikoni kwetu, juu ya mafiga, palikuwa na uchaga wa fito ambao Mama Masika alikaushia samaki wa Lualaba na kuhifadhia mbegu za mpunga zisiliwe na wadudu. Mvua zilipoanza, unyevu wa mto uliingia kwenye mashine, picha ikawa inatetemeka, na asubuhi moja haikuwaka kabisa. Papa Muhindo aliipuliza, akaisugua, akakata tamaa. Mama Masika hakuwahi kusoma habari za umeme, ila kila kitu alichotaka kidumu alikipandisha juu ya moto. Basi akaipandisha. Mume wake aliporudi akaikuta kati ya kambale wawili alipiga kelele mpaka majirani wakaja, lakini jioni aliiteremsha ikawaka, na tangu siku hiyo kila mchezo ulipokwisha mashine ililala kwenye uchaga, imefunikwa kitambaa. Mende walihama kwa ajili ya moshi. Mikono ya watoto waliocheza kwetu ilinuka samaki, na mama zao walijua walikuwa wapi bila kuuliza.

Askari walikuja mchana, sombe iko motoni, haina chumvi. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta foni, yaani zile redio za kupashana habari kutoka mbali, kwa sababu walikuwa wameshambuliwa na waliamini kuna mtu mjini anayewaambia watu wa porini wapige wapi. Siku zile kukutwa na foni kulitosha mtu kuuawa. Nilisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi wakati mmoja wao alipoinua macho, akauona uchaga, akafunua kitambaa. Nikakiona alichokiona: sanduku jeusi la moshi lenye nyaya, limefichwa juu ya moto, betri ya gari chini yake, na nje waya wa antena uliofungwa kwenye mti wa mpapai. Hata mimi ningesema ni foni. Wakamwita mkubwa wao, mwanamume kijana mwenye sauti ya chini, naye akamwita Papa Muhindo.

"Hii ni nini, muzee?"

"Ni mashini ya muchezo, komanda. Ya watoto."

"Muchezo njo munaficha ku moshi?"

"Hatuifiche. Tunaikausha."

"Munaikausha," akasema komanda. "Kumbe iko samaki."

Askari wakacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko bunduki. Papa Muhindo alikuwa mgeni mjini, anaongea Kiswahili cha Butembo, hana mjomba wala shemeji wa kumsemea. Walimfunga mikono kwa waya wetu wenyewe wa antena, wakaichukua mashine kichwa chini miguu juu, na mvua ikawanyeshea njia nzima mpaka kwenye kambi yao, nyumba ya zamani karibu na reli. Mama Masika aliniambia nibebe televisheni. Sijui alilitoa wapi wazo hilo, lakini alisema bila televisheni mashine haiwezi kujitetea. Nikajitwika, naye akabeba betri, tukawafuata kwa umbali ambao hautamuudhi mtu.

Komanda alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na hilo ndilo lililokuwa la kuogopesha. Alisema kama ni mchezo, basi icheze. Papa Muhindo aliinamisha mashine kwa mikono yake iliyofungwa, maji yakatoka. Mimi ndiye niliyefungua mdomo, na mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Komanda, imelowa. Tukiiwasha sasa itaungua, haitaonyesha kitu. Inaomba moto kwanza." Uani palikuwa na sufuria ya maharage motoni, ya askari wake. Komanda akaionyesha kwa kidevu: "Maharagi ikiiva, mashini iwake. Isipowaka, huyu muzee atatuelezea kwa namna ingine." Basi nikaketi karibu na moto ule, mashine nimeiegemeza kwenye jiwe, na nikatambua nimetegwa. Nikichochea moto, mashine itakauka upesi lakini na maharage yataiva upesi. Nikiupunguza, maharage yatachelewa lakini mashine itabaki na maji tumboni. Nilisogeza ukuni, nikauvuta, nikausogeza tena. Nyuma yangu askari wawili walikuwa wakizungumza juu ya viatu: mmoja anasema viatu vya maiti vinabana hata vikiwa namba yako, mwenzake anasema ni mawazo tu. Walizungumza kwa utulivu, kama watu wanaosubiri zamu kwa kinyozi. Niligeuza mashine upande wa pili. Mama Masika alikuwa amekaa chini na betri mapajani, midomo yake inakwenda bila sauti. Kisha mpishi akabonyeza harage kwa vidole akasema yameiva.

Walimfungua Papa Muhindo mikono. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akashindwa kushika kaseti ya mchezo, ikabidi niichomeke mimi. Akabonyeza. Hakuna kitu. Nikaiondoa, akaipuliza, nikairudisha naye akaikandamiza kwa kiganja, akabonyeza tena, na televisheni ikajaa chengachenga nyeupe zinazolia. Komanda alikunja mikono. Papa Muhindo hakumtazama. Aliipiga ubavuni taratibu, jinsi unavyompiga mgongoni mtoto aliyepaliwa, na kamuziki kakaanza. Nilikojoa kidogo, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Magari yakajipanga. Komanda akainama, akauliza, "Ile ya mbele njo yangu?" Akapewa maneti, kile kishikio chenye vitufe, na akacheza mpaka maharage yake yakapoa. Tulidhani yamekwisha. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii inabaki hapa," akasema. "Na wewe, muzee, unabaki nayo, njo unajua kuiamsha. Siku itakufa, tutarudilia ile mambo ya foni."

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyoanza. Kila adhuhuri nilimpelekea chakula, bakuli limefungwa kwenye kitambaa, nikifuata reli ambayo majani yalikuwa yanaifunika. Kutoka pale reli inapopinda, kama mashine ilikuwa inafanya kazi, niliweza kuyasikia magari. Nikiyasikia, Papa Muhindo yuko hai. Nisiposikia, sijui. Mwili wangu ulijifunza hesabu hiyo mpaka ikawa haihitaji akili. Siku moja nilifika kwenye kona ile kukawa kimya, nikakaa juu ya reli, bakuli mapajani, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Nilifikiria nitamwambiaje Mama Masika, nikapanga maneno, nikayafuta. Nilipojikokota mpaka kambini nikamkuta ameketi juani anashona shati lake. Betri ilikuwa imepelekwa kwa mwenye kinu cha kusaga ikachajiwe. Aliutazama uso wangu, akafungua bakuli, akanirudishia. "Zaina mama, kula kidogo mbele ya kunipatia," akasema. Nikala mbele yake huku machozi yananitoka, na askari mmoja akauliza kama sombe ina pilipili nyingi.

Mashine ilipitia mambo ambayo sijaona kitu cha siku hizi kikiyapitia. Ilianguka kutoka mezani, ilimwagiwa pombe, sisimizi walizaa ndani yake, askari mlevi aliikanyaga akiwa na buti. Papa Muhindo aliwaomba wamjengee uchaga juu ya jiko lao, wakamjengea, na akailaza pale kila jioni kama Mama Masika alivyomfundisha. Aliunganisha nyaya kwa msumari uliotiwa kwenye makaa. Mimi nilimpelekea karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za sigara nilizookota njiani. Nyumbani, Mama Masika alipiga magoti na kusema kwa sauti, "Bwana, patia ile mashini nguvu," nami baada ya sala nilifungua viganja nikaomba hilohilo, na malaika walioandika dua zangu mwaka ule sijui walinionaje, msichana anayeombea plastiki. Njaa ilikuwa imeingia mjini. Tulichemsha majani ambayo zamani tuliwakatia sungura. Bakuli la kambini ndilo lililopata wali, kwa sababu askari walikula humo kwanza na mabaki ndiyo yaliyokuwa yake. Leo watu wakiniambia nina wasiwasi uliozidi, kwamba nampigia mwanangu simu mara nyingi mno, kwamba siwezi kulala jenereta ya jirani ikizimika ghafla, huwa nawajibu kwamba ndivyo nilivyozaliwa. Sikuzaliwa hivyo. Nilijifunza kwenye reli ile.

Mvua zilipokwisha na kuanza tena, komanda yule aliondoka. Alipelekwa upande wa Kibombo na watu wake wote, na akaja mwingine, mtu mzima, mwembamba, mwenye kukohoa, aliyependa kucheza baada ya chai na kushindwa bila kukasirika. Sisi tulishikwa na hofu mpya. Je, wa kwanza amemwachia kesi? Amemwambia nini juu ya foni? Papa Muhindo aliniambia nimuulize mke wake la kufanya, na Mama Masika alifikiri siku nzima huku anachambua mchele wenye mawe mengi kuliko mchele. Kisha akanipa jibu nimpelekee: "Asiulize. Kama hajue, tukiuliza atajua. Kama anajua, tukiuliza atakumbuka. Aangalie tu ile mashini isikufe." Niliona ni maneno ya akili nyingi. Nilimpelekea yalivyo, naye akasema ndivyo hasa alivyowaza. Tukaongeza bidii. Mashine ikazidi kuwaka, mwezi baada ya mwezi, na Papa Muhindo akazidi kukonda pembeni mwake.

Kisha siku moja sikusikia magari, na nilipofika nikamkuta ameifungua yote, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria, jasho linamtoka ingawa alikuwa kivulini. Alikuwa ameikausha, ameipuliza, ameichoma kwa msumari. Tangu asubuhi haikutoa hata zile chenga. Komanda alikuwa anaoga. "Ende nyumbani," Papa Muhindo akaniambia bila kuinua kichwa. "Umuambie mama asikuje hapa. Hata akisikia nini, asikuje." Nilitaka kusema kitu. Akasema tena, ende. Nikatembea kwanza, nikakimbia baadaye. Mama Masika alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akaingia ndani, akatoka na mchele tuliokuwa tumeuweka kwa ajili ya siku mbaya, wote, akabandika maji. Sikumuuliza anampikia nani. Tuliketi jikoni tukisikiliza upande wa reli, na kila mlango uliogongwa mtaani ulitusimamisha.

Papa Muhindo alikuja wali ukiwa umeshaiva. Alikuja peke yake, kwa miguu, mashine kichwani imefungwa kwenye shati lake. Mama Masika hakumpokea. Alitazama nyuma yake, kushoto na kulia.

"Wanakufuata?"

"Hapana."

"Umekimbia?"

"Sikukimbia. Nipatie maji."

Akanawa mikono, akaketi, akala. Alikula taratibu sana, nasi tukamtazama, hakuna aliyegusa chake. Sahani ilipofika nusu akasema, "Nilipiga magoti mbele yake, nikamuambia, komanda, mashini imekufa. Akaniuliza, sasa juu ya nini unapiga magoti, muzee? Nikarudilia, mashini imekufa. Akasema, pole. Basi, ende kwako." Akameza. "Alizani niko fundi. Alizani nilikuwa nakaa pale kwa kuitengeneza tu. Yule wa kwanza hakumuachia hata neno moja juu yangu."

Mama Masika alikuwa ameshika mwiko. Niliuona uso wake ukihesabu kurudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka siku ile ya komanda mwembamba kufika, na wangu ulikuwa umeshafika huko. "Kwa hiyo kama ingekufa zamani," akasema, "ungerudi zamani."

"Ndiyo," akasema Papa Muhindo, akanyoosha sahani yake aongezewe. Mama Masika akampakulia wali wote uliobaki, sehemu yake na yangu, na hakuna aliyemwambia kwamba sufuria ilikuwa imekwisha.